Kete Zinazokula

Sogeeni kwenye mkeka, wapwa zangu. Taratibu, taratibu. Usikanyage Ukerewe! Ndiyo, hicho kipande cha kijani karibu na goti lako. Hicho ni kisiwa kizima, na leo kina mchele wa jeshi.

Mnacheka? Chekeni tu. Kulwa na Doto nao walicheka siku ya kwanza. Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ya Juni. Watoto wa hapa Busisi walikuwa wamekwenda kulitazama daraja letu la ziwani mpaka wamechoka kulitazama. Ndipo watoto wa dada yangu wakaja kwangu. Kulwa akasema, "Mjomba, tufundishe mchezo." Doto, pacha wake, akasema, "Mchezo mgumu, Mjomba. Ambao hauishi leo." Shija, mdogo wao wa miaka 6, hakusema kitu. Mdomo wake ulikuwa umejaa karanga.

Mchezo mgumu usioisha leo! Nilifurahi mpaka nikasimama. Mtoto akiomba peremende unaweza kumwambia asubiri. Mtoto akiomba kitu kigumu, usimwambie asubiri.

Kwanza nikatoa bao la babu yao. Mnalijua bao? Mashimo 32, kete 64. Kisukuma tunauita mchezo huu isolo. Kaskazini ya ziwa Waganda wana omweso. Rwanda wana igisoro. Sikilizeni: isolo, igisoro. Hayo ni majina ya ndugu wawili. Hata Omani, mbali kule ng'ambo ya bahari, wana mchezo wa ukoo huu, wanauita hawalis.

Na bao ni vita. Msidanganywe na ukimya wa wazee wanaolicheza chini ya mwembe. Kuna kuteka. Kuna nyumba, shimo ambalo mchezaji hulimbikizia kete zake na kulilinda kama ghala. Safu yako ya mbele ikibaki tupu, umekwisha. Kulwa na Doto wakaanza na bao la kujifunza, kete 2 kila shimo. Wakateka, wakatekwa, Kulwa akashinda.

Doto hakukasirika. Alichukua kete moja, akaigeuzageuza mkononi, akauliza, "Mjomba, hizi ni askari?"

"Ndiyo. Ni askari."

"Wanakula nini?"

Nikanyamaza. Maana kete ya bao haili. Kete ya bao haiumwi. Kete ya bao haichoki. Ikitekwa inahamia upande wa pili, inaendelea kupigana kama vile haijawahi kuwa na kwao. Nimecheza bao miaka mingi na sikuwahi kujiuliza swali hilo. Swali zuri, Doto! Swali zuri sana. Ningekuwa na ng'ombe wa pili ningekupa.

Basi usiku ule sikulala mapema. Nilichukua mifuko mitatu ya saruji, nikaishona pamoja, nikageuza upande msafi juu. Nikachora ziwa letu kwa chaki ya buluu. Hapa Mwanza, hapa Bukoba, hapa Kisumu, huku chini Tabora. Visoda nikavifanya askari. Kete za bao nikazifanya wapagazi. Vipande vya boksi la sabuni vikawa meli. Dadu ya ludo ikawa mvua na homa. Na sinia la karanga likawa chakula cha majeshi yote.

Asubuhi Kulwa akauliza, "Ni vita gani hii, Mjomba?"

"Vita iliyopita hapa."

"Hapa Busisi?"

"Hapa hapa. Kwenye maji haya haya mnayooga."

Wakakaa chini wote watatu.

Sikilizeni nanyi. Mwaka 1914 Wajerumani walikuwa wanatawala upande wetu, Mwanza na Bukoba. Waingereza walikuwa Kisumu na Uganda. Mpaka wao ulikatiza katikati ya ziwa, mstari ambao samaki hawakuujua. Mwezi wa Agosti mataifa ya Ulaya yakagombana huko huko Ulaya. Ugomvi ukaja mpaka huku. Ni kama mabwana wawili wa mtaa wa mbali wamegombana, kisha wakaja kupigania ugomvi wao kwenye ua wenu, wakavunja mitungi yenu, wakakimbiza kuku wenu.

"Na sisi tulikuwa upande gani?" akauliza Doto.

Mnaona mtoto huyu anavyouliza? Askari wengi wa Wajerumani walikuwa Waafrika. Askari wa Keya wa Waingereza walikuwa Waafrika, ingawa Waingereza walileta pia askari kutoka India. Wabelgiji walikuja na askari wa Kongo. Tulikuwa pande zote, mpwa wangu, na hakuna aliyetuuliza.

Basi Kulwa akawa Mwingereza, Doto akawa Mjerumani. Shija akataka kuwa kitu. Nikamfanya mtunza ghala, akae na sinia. Hilo lilikuwa kosa langu, mtaliona mbele.

Tukapanga meli. Kulwa nikampa Winifred, Sybil, Kavirondo na Nyanza. Doto nikampa boti moja ndogo, Muansa.

"Moja tu?" Doto akasema. "Mjomba, huu mchezo hauna haki!"

Hauna. Ndivyo ilivyokuwa. Waingereza walikuwa na reli kutoka Mombasa mpaka Kisumu tangu 1901. Winifred na Sybil zilijengwa Uskoti, zikafunguliwa vipande vipande, zikavushwa bahari, zikapakiwa kwenye treni, zikaja kuunganishwa Kisumu. Hebu fikirini meli inashuka kwenye behewa kama kitanda kinachohamishiwa nyumba mpya, huku miguu, huku mbao.

Lakini usilie, Doto. Septemba 1914 Muansa ilikutana na Winifred huko Karungu. Winifred ilikuwa kubwa zaidi. Nani alikimbia? Winifred! Haikuwa imejiandaa kwa mapigano siku ile, ikaondoka mbio, ikarudi baadaye na Kavirondo ya kuisindikiza. Na Novemba Sybil ikapanda mwamba karibu na Majita, ikakaa pale miezi mpaka mwaka uliofuata. Miamba ya ziwa hili haikuwa na bendera. Doto alipoisikia habari hiyo akakibusu kile kipande chake cha boksi, akakiweka majini.

Kila zamu ni wiki 2. Tunaanza Septemba 1914, tunamaliza Septemba 1916. Zamu 52. Zamu moja inachukua nusu saa.

"Saa 26!" Kulwa akapiga hesabu. Shija akaanza kuhesabu kwa vidole, vikaisha.

Msidhani ni sisi tu tunaocheza hivi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 huko Marekani, Richard Berg alitunga mchezo wa vita ya jangwani Afrika Kaskazini. Unatakiwa kuwa na wachezaji 10. Ukitaka kuumaliza, wanakadiria saa 1,500. Vikaratasi vya vikosi vyake unavihesabu kwa mamia na mamia. Na una sheria moja ambayo watu wanaikumbuka kuliko zote: askari wa Italia wapewe maji ya ziada, kwa sababu wanachemsha tambi.

Kulwa alicheka mpaka akalala chali. Vita nzima inasubiri tambi ziive! Lakini Doto alitabasamu tu, kisha akauliza, "Sasa sisi, maji ya ugali?"

Ndipo tukaweka sheria ya karanga. Kila zamu, kila kisoda kinakula karanga moja. Na mwenye kisoda anaila kweli, kwa meno yake. Kisoda kisichokula hakitembei. Kisichokula zamu mbili kinaondoka mkekani na kuingia kwenye chungu. Shija ndiye anayetangaza, "Zamu imefika! Mmekula?" Kisha wanakula, kisha wanapigana.

Zamu ya kwanza, mmekula? Tumekula. Zamu ya pili, mmekula? Tumekula. Siku tatu tukacheza hivyo, na mchezo ukawa unakwenda haraka. Haraka mno. Majeshi yalikuwa yanaruka kutoka Tabora mpaka Mwanza kama panzi. Nikajua kuna kitu tumekisahau, sikukijua ni kipi.

Kete ndiyo iliyonikumbusha. Ndiyo, kete. Mchana ule watoto walikwenda kula, nami nikabaki mkekani peke yangu. Kete moja ilikuwa imesimama katikati ya njia ya Tabora, na ningeapa nimeisikia inasema:

"Mjomba. Mimi ni komwe. Nimezaliwa kwenye mmea wa miiba, nimekuwa mgumu kama jiwe. Kwenye bao nilikuwa askari na sikulalamika. Sasa umenitoa kwenye bao, umenitwisha karanga za watu wengine. Nimepanda kilima, nimevuka mto. Kila zamu namsikia mtoto anauliza, mmekula? Wanajibu, tumekula. Na mimi?"

Nikaona aibu mbele ya kete. Watoto waliporudi nikawaambia, "Tumekosea. Wapagazi hawajala tangu Septemba 1914."

"Wakila itakuwaje?" Kulwa akauliza.

Tupige hesabu pamoja, nanyi pigeni. Kutoka Tabora mpaka Mwanza ni zaidi ya kilomita 300, lakini tuseme 300 tu. Reli ya Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912, lakini Mwanza reli ilifika 1928, vita imekwisha zamani. Kwa hiyo mzigo unakwenda kichwani. Mpagazi amebeba kilo 25 za unga. Anatembea kilomita 25 kwa siku. Anakula kilo 1 kwa siku. Anafika siku ya ngapi?

"Ya 12," akasema Doto.

Amekula kilo ngapi? 12. Na kurudi nyumbani? 12 nyingine. Basi ameacha kilo ngapi Mwanza?

Watoto wakatazamana.

"Moja," akasema Kulwa, polepole. "Mjomba, ametembea siku 24, ameleta kilo moja!"

Ni kama mpishi anayeonja mboga kila hatua kutoka jikoni mpaka sebuleni. Akifika, sufuria inakaribia kuwa tupu, na wala si mlafi. Njia ni ndefu tu. Ndiyo maana majeshi hayakutegemea mzigo wa kichwani peke yake. Yalipita vijijini yakachukua chakula.

"Kwenye ghala la nani?" akauliza Doto.

La bibi yako. Mtama wake, ng'ombe wake. Alivilima na kuvifuga yeye, vikaliwa na vita.

Na sasa angalieni meli. Tuseme meli imebeba tani 100. Hiyo ni mizigo ya wapagazi 4,000, na meli haili ugali, inakula kuni. Kulwa alipoelewa hilo aliziangalia meli zake kwa jicho jipya. Alikuwa amezitumia kupigana tu, kumbe zilikuwa bomba la maji uani kwake. Doto hakuwa na bomba. Doto alikuwa anachota kisima cha mbali kwa kata.

Tukaandika sheria mpya kwenye daftari. Kete nazo zinakula, baada ya askari, kama kuna kilichobaki. "Baada ya askari" niliiandika mimi, kwa sababu ndivyo majeshi yalivyofanya, na nilitaka mchezo useme kweli. Kuanzia hapo mchezo haukuruka tena kama panzi. Ukawa unatembea kwa miguu. Kila hatua inauliza karanga.

Sasa ile habari ya Shija. Zamu ya 30 Doto anataka kushusha msafara kutoka Tabora. Anakwenda kwenye sinia. Ghala la Tabora lilikuwa na karanga 40. Sasa lina 9, na maganda.

"Shijaaa!"

Shija alikuwa amejificha nyuma ya mtungi. Doto akataka haki, nami ndiye refa. Nifanye nini? Nikasema maghala ya vita nayo hayakuwa salama. Yaliungua, yaliibwa, yaliliwa na panya na fukusi. Tuandike kwenye daftari: zamu ya 30, fukusi wameingia Tabora. Doto akanung'unika, lakini akapanga upya jeshi lake lote kwa karanga 9. Na Shija tangu siku hiyo tunamwita Fukusi, jina ambalo amelipokea kwa fahari.

Bukoba Kulwa aliishambulia zamu ya 21, Juni 1915, na hapo alifuata njia ile ile ya Waingereza wenyewe. Walikwenda kwa meli tarehe 22 na 23 Juni mwaka huo, wakauangusha mnara wa simu ya upepo wa Wajerumani, wakapanda meli wakaondoka. Walikwenda kwa ajili ya mnara. Mnajua mnara wa simu ukizimika mtaani watu wanavyohangaika? Jeshi nalo likikosa habari linahangaika vilevile.

Mambo mengine watoto walifanya yao. Mwanzoni mwa 1916 Kulwa aliwaza hivi: Mwanza ndiyo mji mkubwa, basi twende Mwanza moja kwa moja. Akapakia visoda vyote melini, akashuka pwani. Akachapwa! Doto alikuwa na mzinga. Mzinga huo una hadithi yake. Ulitoka kwenye manowari iliyoitwa Königsberg, ambayo Waingereza waliiharibu kwenye mdomo wa Rufiji Julai 1915. Wajerumani wakaiopoa mizinga yake 10, wakaisambaza nchini. Mmoja ukaletwa Mwanza.

"Ulikuja na nini, kama reli haikufika?" akauliza Kulwa.

Ulikuja na watu. Kamba na mabega. Kwenye mchezo wetu Doto alilipa kete 10 kwa zamu 3 kuuvuta, na 4 kati yake hazikufika. Dadu ilitoa homa.

Kulwa akarudi Kisumu na visoda vitano. Alikuwa karibu kulia. Nikamwambia, acha kuutazama mji, tazama sahani. Doto anakula nini? Kulwa akainama juu ya ramani muda mrefu. Akaweka kidole kwenye kipande cha kijani.

"Huu mchele."

Safi sana, Kulwa! Ukerewe ilikuwa inalima mpunga, na mchele wake ulikuwa unalisha askari wa Wajerumani. Waingereza waliichukua Juni 1916, kabla ya kuigusa Mwanza. Kulwa akaichukua. Zamu iliyofuata Shija akauliza, "Mmekula?" Kulwa akajibu, "Tumekula." Doto akanyamaza.

Mmekula? Doto kimya.

Zamu ya 49, Julai 1916, Doto akaiacha Mwanza. Mzinga ukabaki, hakuna wa kuuvuta. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 14 Julai 1916, Waingereza walipoingia mjini. Doto akavipanga visoda vyake kwenye Muansa akaisukuma kusini, kwenye ghuba, polepole, kidole kwa kidole. Kisha kidole kikasimama. Palikuwa na herufi nilizoandika kwa mkaa: BUSISI.

"Mjomba. Walipita hapa?"

Walipita hapa. Wazungu wengi wa Mwanza walikimbia kwa boti kwenye ghuba hii, kuelekea kusini.

Sote tukatoka nje. Jua lilikuwa linashuka, na maji yalikuwa na rangi ya chai. Malori yalikuwa yanavuka juu ya daraja kwenda Kigongo, moja nyuma ya jingine, kilomita 3 bila kusimama. Shija hakikumbuki vizuri kivuko kilichokuwepo kabla ya daraja, ingawa pacha hawa wamekaa kwenye foleni yake mpaka wakalala kwenye kiti cha basi. Miaka 109 kabla ya daraja hili kufunguliwa, boti za moshi zilipita pale chini, katikati ya nguzo ambazo hazikuwepo.

"Na askari?" Doto akauliza. "Walipanda boti zote?"

Askari wengi walishika njia ya Tabora. Kwa miguu.

Doto akarudi ndani bila kusema. Nilipomfuata, nikakuta amevitoa visoda kwenye boti na kuviweka barabarani, kimoja kimoja.

Usiku ule tukakifungua chungu tukahesabu. Visoda 14. Kete 41. Kulwa akahesabu tena, akidhani amekosea. "Kete ndizo zilizokufa zaidi! Na hazikupigana hata mara moja!"

Hazikupigana. Zilibeba. Ninyi mlio wakubwa kidogo nitawaambia namba, kwa sababu namba hizi ni zetu. Upande wa Waingereza peke yake, katika vita yote ya Afrika Mashariki, waliandikishwa wapagazi karibu milioni 1. Kwa hesabu za Waingereza wenyewe zaidi ya 90,000 walikufa, na wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, homa, njaa na baridi ya mvua. Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa mafundi wa kubeba tangu enzi za misafara ya pwani. Walikwenda kwa ujira, wakajivunia kazi yao, wakarudi na nguo na majembe. Hii ilikuwa kitu kingine. Wengi walikamatwa tu, shambani au njiani.

"Wana majina?" akauliza Doto.

Jina moja mnalitamka kila wiki. Kikosi chao Waingereza walikiita Carrier Corps. Wazee wetu wakalikunja neno hilo likae vizuri mdomoni. Jaribuni kulisema haraka haraka.

Wakajaribu. Keria-ko. Karia-ko.

"Kariakoo!" Kulwa akaruka. "Dabi ya Kariakoo!"

Ndiyo. Pale Dar es Salaam palikuwa na kambi ya wapagazi. Nairobi nao wana mtaa wao, Kariokor. Dar es Salaam kuna sanamu pia, ya mwaka 1927, katikati ya mji. Maandishi yake yanawataja wapagazi, lakini aliyesimama juu ni askari na bunduki yake. Nairobi wamemsimamisha na mpagazi. Nikipata uwezo nitawapeleka mkaione ile ya Nairobi, maana mimi napenda zaidi hiyo.

Watoto walikaa kimya kidogo. Kisha nikaufunika mkeka kwa nyungo mbili, kama kila usiku, maana kuku wa jirani hawajui vita wala amani, na wanapenda karanga.

Bado zamu 3. Wabelgiji wanashuka kutoka Rwanda kupitia Biharamulo, na tarehe 19 Septemba 1916 waliingia Tabora. Vita yenyewe iliendelea kusini mpaka Novemba 1918, lakini huko daftari letu halifiki. Wabelgiji hawakuwa na mchezaji, kwa hiyo Shija amepandishwa cheo. Fukusi wa jana leo anaongoza jeshi la Kongo.

Ndiyo maana nimewaambia msogee taratibu. Zamu ya 50 inaanza sasa hivi. Kulwa amekunja miguu, Doto ameshika dadu. Shija amekuwa hapo tangu asubuhi, kabla hata sijanywa chai. Amezipanga kete 23 zilizobaki mstari mmoja, na mbele ya kila kete ameweka karanga moja, nzima, haijaumwa.

"Askari kwanza, Shija," Kulwa anamkumbusha. "Imeandikwa kwenye daftari."

Shija ameweka mkono juu ya sinia na ananitazama mimi.

"Mjomba, leo zile hizi kwanza."

Doto, nipe hiyo kalamu.